Kutambua Maradhi ya Samaki wa Mabwawani

Mazungumzo kwa wanachama wa vyama vya msingi, Ijumbi, Wilaya ya Muleba



Mkulima akiona vumbi la rangi ya chungwa upande wa chini wa jani la mbuni, hahitaji kuambiwa kwamba hiyo ni kutu. Akiona mgomba umenyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati wake na ndani zina rangi ya kahawia, anajua kwamba mnyauko ule uliothibitishwa mkoani Kagera mwaka 2006 umemfikia kibanjani. Macho yamekwisha kuzoea. Lakini mkulima huyo huyo akiteremka bondeni asubuhi na kukuta sato wanaelea matumbo juu, hubaki amesimama ukingoni hana la kusema. Kisha maneno huanza. Jirani ametia sumu. Vifaranga vilikuwa vibovu tangu mwanzo. Bwawa limetupiwa jicho. Chama kilichotoa mkopo wa kuchimba bwawa hubaki na deni, jirani hubaki na jina baya, na bwawa lenyewe hugeuka kuwa makao ya vyura.

Hasara ya namna hiyo, aghalabu, haitokani na maradhi yenyewe. Hutokana na kutoyatambua mapema, au kuyaita kwa jina lisilo lake. Ng'ombe akiugua huonekana. Huacha kucheua, hulala, masikio hushuka. Samaki huugulia chini ya maji, na mara nyingi dalili ya kwanza anayoipata mwenye bwawa ni maiti. Kwa hiyo hapana budi mfugaji ajifunze kuuliza kwa utaratibu: wamekufa lini, wangapi, wa aina gani, wakubwa au wadogo, na maji yalikuwaje siku tatu zilizotangulia. Atakayeyajibu hayo kabla ya kumgusa samaki atakuwa amekwisha kulipata jibu kwa zaidi ya nusu.

Saa ya kifo ina maana kubwa. Ikiwa samaki wamekufa wengi kwa pamoja, kati ya saa tisa za usiku na mapambazuko, na waliotangulia kufa ni wale wakubwa, basi karibu hakuna shaka kwamba wamekosa hewa. Sababu yake yafaa kuelezwa kwa urefu kidogo, maana ndiyo inayoua samaki wengi wa mabwawani kuliko maradhi yote.

Ule ukijani wa maji, unaotokana na mbolea ya samadi, ni mimea midogo mno isiyoonekana moja moja kwa macho. Mchana, jua likiwaka, mimea hiyo hutoa hewa safi ndani ya maji. Usiku huacha kutoa, na yenyewe huanza kuivuta hewa ile ile pamoja na samaki, na pamoja na uchafu unaooza chini ya bwawa. Hivyo hewa hupungua saa baada ya saa, na kabla tu ya jua kuchomoza huwa imefikia kiwango cha chini kabisa. Mawingu yakitanda siku mbili tatu mfululizo, kama ilivyo kawaida ya masika ya Kagera, mchana hautoi akiba ya kutosha na usiku unamaliza hata kile kilichokuwapo. Sato ni mvumilivu. Anaweza kuishi kwa muda mfupi katika maji yenye hewa isiyofikia miligramu moja kwa lita, ingawa hatakua vizuri ikiwa chini ya miligramu tatu. Lakini uvumilivu una mpaka, na samaki mkubwa huufikia kabla ya mdogo.

Dalili yake kabla ya kifo huonekana na kila anayeamka mapema. Samaki hupanda juu wote kwa pamoja, midomo imeelekea mbinguni, wakipumua uso wa maji. Mtu akikanyaga ukingo kwa nguvu, hukimbia chini, kisha hurudi. Jua likipanda, kama saa tatu au saa nne za asubuhi, hushuka na kuendelea na shughuli zao kana kwamba hapakuwa na jambo. Hapo mfugaji mzembe husema wamepona. Hawakupona, wameahirishiwa kesi hadi usiku unaofuata. Lakini samaki wanaokaa juu mchana kutwa wakitweta, au wanaojikusanya penye mlango wa maji wakati wenzao wamo chini, hao wana ubovu wa mashavu, na habari yao itafuata.

Dawa ya kukosa hewa si dawa ya dukani. Ni kuacha kulisha siku hiyo, kutia maji mapya yanayoanguka kutoka juu ili yachanganyike na hewa, na kuyatoa maji ya chini, siyo ya juu, kwa kuwa ya chini ndiyo mabovu. Kupima ukijani nako ni rahisi. Mfugaji atumbukize mkono wake ukiwa umenyooka, kiganja kikiwa kimekunjwa kutazama juu. Kiganja kikipotea machoni maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, mbolea imezidi na isiongezwe hata koleo moja. Kikipotea maji yanapofika kwenye kiwiko, hali ni njema.

Jambo hili halihusu mabwawa peke yake. Mwishoni mwa mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2021, sangara wengi walikutwa wamekufa wakielea katika Ziwa Viktoria upande wa Uganda. Uvumi wa sumu ulienea upesi. Wataalamu wa serikali ya huko walieleza kwamba dhoruba zilikuwa zimeyachanganya maji ya chini yasiyo na hewa na yale ya juu. Waliokufa walikuwa sangara hasa, ambao huhitaji hewa nyingi kuliko sato. Hapo linaonekana lile swali la tatu, samaki wa aina gani, lilivyo na thamani: katika ziwa zima lenye samaki wa kila namna, kifo kilichochagua aina moja kilikuwa ushahidi dhidi ya uvumi wa sumu.

Maana sumu haichagui hivyo. Ikiingia bwawani huua sato na kambale, wadogo mara nyingi wakitangulia, na pamoja nao viluwiluwi, vyura na wadudu wa majini. Huua saa yoyote, hata adhuhuri jua likiwaka. Samaki waliopatwa huogelea kwa wazimu, huruka juu, hujinyonganyonga, hugonga kingo. Kwa hiyo mfugaji anayemshuku jirani yake na akachungulie kwanza majani ya pembeni mwa bwawa. Ikiwa wadudu wanaoteleza juu ya maji wangali wakiteleza, na viluwiluwi wangali wakicheza, basi ashikilie ulimi wake; aliyeua samaki wake huenda ni kukosa hewa.

Hata hivyo sumu ipo, na katika nchi ya kahawa na nyanya yatakiwa kutazamwa kwa makini zaidi kuliko kwingineko. Vijiji vya Muleba vimekaa juu ya miinuko, vibanja viko kuzunguka nyumba, na maji yote huteremka bondeni, ambako ndiko mabwawa yalikochimbwa. Kinachomwagwa juu hufika chini. Dawa za kopa zinazopuliziwa dhidi ya ukungu huua samaki hata zikiwa kidogo, na ukali wake huzidi katika maji laini yasiyo na chokaa, ambayo ndiyo maji ya sehemu nyingi za huku. Dawa za kuua wadudu za jamii ya pareto ya viwandani ni hatari zaidi. Muuzaji humwambia mkulima kwamba dawa hiyo haina madhara makubwa kwa binadamu, na kwa kiasi fulani ni kweli, lakini kwa samaki ni miongoni mwa sumu kali kabisa. Aghalabu hakuna aliyekusudia ubaya. Kijana amemaliza kupulizia nyanya, ameteremka mferejini kuosha bomba, basi. Mkutano mmoja wa chama kuamua mahali pa kuoshea mabomba, mbali na mifereji iendayo mabwawani, utaokoa samaki wengi kuliko kesi kumi katika baraza la kijiji.

Samaki waliokufa kwa sumu, au wanaoshukiwa hivyo, wasiliwe wala wasiuzwe. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Viktoria wasiingie katika masoko yake kwa sababu ya habari za uvuvi wa sumu, na katazo hilo liliwaumiza wavuvi wa nchi zote tatu zinazolizunguka ziwa, pamoja na wale ambao hawakupata kuigusa sumu maishani mwao.

Lipo tatizo jingine ambalo haliui kwa kishindo, bali hudumaza. Udongo wa sehemu nyingi za Bukoba na Muleba umeoshwa na mvua kwa karne nyingi, na chokaa yake imekwenda na maji. Bwawa lililochimbwa katika udongo huo huwa na maji makali ya tindikali. Mfugaji hutia samadi wiki baada ya wiki na maji hayageuki kijani; hubaki maangavu au ya rangi ya chai. Samaki hutoa ute mwingi mwilini, ngozi huwa kama imefunikwa utando wa maziwa, hula kidogo na hawakui. Huyu akimtafutia samaki wake dawa ya minyoo anapoteza fedha. Anachohitaji ni chokaa ya kilimo, kwa kadiri ya kilo 10 hadi 20 kwa kila mita 100 za mraba, na ni bora itawanywe bwawa likiwa tupu, majuma mawili kabla ya kupandikiza. Chokaa ya kujengea, ile inayochemka ikitiwa maji, isitiwe kamwe penye samaki.

Kinyume chake ni bwawa lililolishwa kupita kiasi. Pumba, mabaki ya jikoni, machicha ya rubisi, kinyesi cha kuku waliojengewa banda juu ya maji: vyote ni chakula hadi pale vinapobaki bila kuliwa. Hapo huoza na kutoa amonia, ambayo huunguza mashavu ya samaki, na huzidi ukali wakati wa alasiri katika maji ya kijani sana. Dalili ya mwanzo ni samaki kukataa chakula. Mfugaji mwenye huruma huongeza chakula kingine kitamu zaidi, na hivyo humwongezea mgonjwa ugonjwa. Yafaa pia ikumbukwe kwamba sato hupunguza kula maji yakiwa baridi, na huacha kabisa yakishuka karibu nyuzi 16. Kukataa kula katika asubuhi ya baridi ya Juni au Julai si ugonjwa; alishwe mchana.

Wafugaji wa Ulaya na Marekani wanaoweka kome wa baharini katika matangi ya kioo majumbani mwao wana shida kubwa kuliko ya mwenye sato. Kome haogelei, hatweti, hapandi juu. Dalili zake ni mbili tatu tu: kome mzima hufumba kombe lake upesi akiguswa au kivuli kikimpitia, na mgonjwa huachama na kuchelewa kufumba. Chaza wa lulu wanaofugwa na akina mama wa Fumba, Unguja, hutambuliwa vivyo hivyo, kwa kuguswa. Na huko kote wenye ujuzi, wakimwona mmoja ameachama, huanza kuyapima maji kabla ya kumpasua. Hata kome wa ziwani hapa, ambao huishi kwa kuyachuja maji usiku na mchana, mtu akikuta wengi wamekufa mahali pamoja, ayatilie shaka maji ya mahali hapo.

Baada ya maji ndipo zamu ya mwili. Samaki wa kuchunguzwa awe hai, au amekufa mbele ya macho ya mfugaji. Aliyeelea nusu siku juani hawezi kutoa ushahidi wowote, kwa kuwa dalili za maradhi na dalili za kuoza hufanana. Ashikwe kwa mikono iliyolowa. Kifuniko cha shavu kiinuliwe kwanza, maana huko ndiko kwenye habari nyingi. Mashavu ya samaki mwenye afya ni mekundu ya damu. Yakiwa ya kahawia kama chokoleti, maji yana naitraiti nyingi, nayo hutokana na ule ule uchafu wa chakula. Yakiwa yamepauka, damu imepungua. Yakiwa na mabaka ya kijivu na ute mzito, vijidudu vimeingia, na hawa ndio wale wanaokaa penye mlango wa maji mchana kutwa.

Utando mweupe kama pamba juu ya mwili ni ukungu. Huo huja siku chache baada ya samaki kuvuliwa na kurudishwa, na chanzo chake ni kidonda cha wavu au baridi. Ukungu ni mfuasi, siyo kiongozi. Vidonda vyekundu, tumbo lililojaa maji, magamba yaliyosimama na macho yaliyotokeza ni kazi ya bakteria. Samaki anayezunguka mahali pamoja kama pia, macho yamemtoka, naye ana bakteria, lakini wa jamii nyingine inayoshambulia ubongo. Vidoa vyeusi vilivyotawanyika katika ngozi ni vifuko vya minyoo, ambayo huanzia kwa ndege wala samaki, ikapitia kwa konokono, kisha ikaingia kwa samaki. Si ugonjwa wa kuua, ila wanunuzi huukataa, na tiba yake ni kung'oa majani ya kingoni yanayohifadhi konokono. Kazi hiyo ina faida ya pili, kwani konokono wa majini ndio wanaoeneza kichocho pia. Chawa na ruba huonekana kwa macho na hawahitaji maelezo.

Ipo hali moja inayodhaniwa maradhi na siyo. Bwawa limejaa samaki wadogo, vichwa vikubwa, miili myembamba, na baada ya mwaka mzima hakuna anayejaza kiganja. Hao wamezaana. Sato huanza kuzaa akiwa na miezi mitatu au minne tu, na bwawa lililopandikizwa samaki 500 laweza kuwa na maelfu yanayogombea pumba ile ile. Dawa ni kuwavua wadogo, au kuwatia kambale wachache wawale watoto, au kupandikiza madume matupu.

Kuhusu virusi, habari si ndefu lakini ni nzito. Virusi vya sato vilivyotangazwa kwa mara ya kwanza nchini Israel mwaka 2014 vilipatikana pia katika sampuli za Ziwa Viktoria, upande wa Tanzania na wa Uganda, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2018. Havina tiba. Dalili yake ya kutiliwa mashaka ni vifo vya vifaranga wa sato kila siku katika mwezi wa kwanza baada ya kupandikizwa, mwili ukiwa mweusi, macho yakiwa na ukungu, ilhali maji ni mazuri na kambale waliomo bwawani humo hawana neno. Mfugaji atakayeona hivyo asimgawie mtu kifaranga hata kimoja, wala wavu wake usiende bwawa jingine.

Mintarafu ya dawa, chumvi ya kawaida ndiyo inayofaa kuwapo katika kila nyumba yenye bwawa: gramu 10 kwa lita moja ya maji katika ndoo, samaki akae humo dakika zisizozidi 20 huku akitazamwa, na akianza kulalia ubavu atolewe mara moja. Hiyo hupunguza ukungu na vijidudu vya ngozi, hasa kwa vifaranga wanaowasili kutoka mbali. Dawa za vidonge za binadamu au za ng'ombe zisimwagwe bwawani. Sehemu kubwa hupotea katika tope, samaki mgonjwa asiyekula hazipati, na bakteria wanaobaki huzizoea, kisha dawa hiyo hiyo haitamfaa mtoto atakapougua.

Ikishindikana kutambua, aitwe Afisa Uvuvi, ambaye wazee wangali wakimwita Bwana Samaki, na akute daftari: siku ya kupandikiza, vifaranga walikotoka, chakula kilichotolewa, mvua, dawa zilizopulizwa mashambani ya juu, idadi ya waliokufa kila siku. Idadi hiyo ina kazi yake. Watano leo, wanane kesho, kumi na watano keshokutwa, hayo ni maradhi ya kuambukiza. Mia mbili usiku mmoja kisha hapana tena, hayo ni maji. Akiona haja ya kupeleka sampuli kwa wataalamu, kwa mfano kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi kilichoko Mwanza au Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wachaguliwe samaki watano au sita wenye dalili wangali hai, wauawe wakati wa kuondoka, wafungwe kila mmoja katika mfuko wake wa plastiki, wapangwe katika kasha la barafu bila kugandishwa, na chupa safi ya maji ya bwawa iwekwe kando yao. Kasha liondoke siku hiyo hiyo. Vyama vya msingi vikinunua kasha moja kwa pamoja na kuliweka ghalani, gharama yake kwa kila mwanachama itakuwa ndogo, na mtu hatalazimika kulitafuta usiku samaki wake wakiwa wanakufa.